Mwezi unaogeuka-geuka: namna mama anaweza kujua siku za kushika mimba

Hesabu inayofundishwa mara mingi ni hii: mwanamke ahesabu siku 14 tangu damu ya mwezi ianze, hapo yai linatoka. Kwa mama anayeona mwezi kila siku 28, hesabu hiyo inakaribia ukweli. Lakini kuna wamama wa Kasongo na Kabambare ambao mwezi wao unarudi mara siku 25, mara siku 38. Hao, hesabu hiyo inawadanganya. Anayetafuta mtoto anapoteza siku zake, kisha familia ya bwana inaanza kumuita tasa. Anayetaka kupumuzika kuzaa anashika mimba ambayo hakuitarajia.

Kwa nini siku ya 14 inadanganya

Mzunguko una sehemu mbili. Ya kwanza, toka damu kuanza mpaka yai kutoka, inaweza kuwa fupi ao ndefu. Ya pili, toka yai kutoka mpaka damu ingine, haigeuki sana: ni karibu wiki mbili. Kwa hiyo zile siku 14 zinahesabiwa kurudi nyuma toka damu inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 25, yai linatoka karibu na siku ya 11. Mwenye siku 38, karibu na siku ya 24. Shida ni kwamba anayegeuka-geuka hawezi kujua mbele damu itarudi lini.

Yai linaishi siku moja hivi tu, lakini mbegu za mwanaume zinaweza kungoja ndani ya mwili mpaka siku 5. Ndiyo maana tendo la siku kadhaa mbele ya yai kutoka linaweza kuleta mimba.

Shanga na kalenda

Shanga za mzunguko zilitengenezwa kwa wanawake wenye mzunguko wa siku 26 mpaka 32. Wao wanajilinda toka siku ya 8 mpaka ya 19. Mwenye siku 25 leo na 38 kesho, shanga hazimufai.

Kalenda nayo inaomba kuandika mizunguko 6 ao zaidi, kisha kutoa 18 kwenye ule mfupi na 11 kwenye ule mrefu. Kwa mama wa siku 25 na 38, jibu ni toka siku ya 7 mpaka ya 27: wiki tatu nzima.

Kufuata mwili wenyewe

Dalili inayosaidia zaidi ni ute wa ukeni. Kisha damu kuisha, wengi wanakaa wakavu. Halafu ute mzito unaonekana. Yai linapokaribia kutoka, ute unakuwa mwangavu, unateleza na kuvutika sawa ute mweupe wa yai bichi la kuku. Kisha unakauka. Anayetafuta mtoto, siku za utelezi ndizo zake.

Asiyetaka mimba anajiuliza kila siku maulizo mawili: leo nimeona ute? Jana niliona? Kama jibu moja ni ndiyo, mimba inawezekana. Kama yote mawili ni hapana, uwezekano ni mdogo. Hapa hakuna kuhesabu siku, lakini mama anahitaji kufundishwa na muuguzi, na bwana lazima akubali.

Manii yanaweza kuchanganywa na ute. Ute unaonuka, unaowasha ao wenye rangi ya kijani ni alama ya ugonjwa. Kujiosha ndani na dawa kunaharibu dalili na kunaweza kuleta maambukizi.

Joto la mwili pia linapanda kidogo, nusu digrii ao chini, kisha yai kutoka. Linapimwa asubuhi mbele ya kutoka kitandani. Linaonyesha kwamba yai limekwisha kutoka, halionyeshi kwamba linakuja. Tena malaria ao usiku wa kukesha kwenye matanga unavuruga kipimo.

Juu ya nini mwezi unageuka

Mwezi ukichelewa, kwanza kupima mimba. Wasichana walioanza juzi na wamama wanaokaribia kukoma hedhi wanageuka mara mingi. Njaa, kukonda, kazi ngumu, wasiwasi na kukimbia vita vinaweza kusimamisha yai. Kisha kuacha sindano ya miezi mitatu, uzazi unaweza kuchelewa miezi mingi. Kuna pia magonjwa ya tezi na ya vifuko vya mayai.

Anayenyonyesha ajue: yai linaweza kutoka mbele damu ya kwanza haijaonekana. Maziwa yanakinga vizuri tu kama mtoto hajafika miezi 6, ananyonya peke yake mchana na usiku, na mama hajaona mwezi.

Lini kwenda kituo cha afya

Kama mwezi umekosa miezi 3, unarudi kila mara chini ya siku 21 ao juu ya siku 35, ao damu ni mingi sana. Mwezi uliochelewa pamoja na maumivu makali ya tumbo ya chini ni haraka: mimba inaweza kuwa nje ya kizazi.

Mama abebe daftari la tarehe zake. Anayehitaji kinga ya uhakika aulize njia zisizotegemea mzunguko: kijiti, sindano, vidonge ao kondomu. Na wanaotafuta mtoto mwaka mzima bila kupata, ao miezi 6 kama mama amepita miaka 35, waende wote wawili. Sababu inaweza kuwa kwa bwana pia, na kumpima mama peke yake ni kutafuta jibu nusu.