Namna Dhahabu Inavyojijenga Kwenye Kathodi: Mfano wa Uchenjuaji Mkoani Mara

Wachimbaji wadogo wa Butiama, Bunda na Musoma wanaopeleka kaboni yao kwenye mtambo wa kuchenjulia huondoka na kile kinachopimwa mwishoni. Makala haya yanaeleza kwa nini sehemu ya dhahabu yao huweza kuishia kuwa tope jeusi sakafuni badala ya kushika kwenye nyuzi za chuma.

Marudio hulowekwa katika sianidi, dhahabu iliyoyeyuka hunaswa na kaboni, kisha kaboni huoshwa kwa mchanganyiko wa moto wa sianidi na kostiki soda. Kimiminika hicho hupitishwa kwenye sanduku lenye anodi na kathodi, na kathodi hiyo ni nyuzi laini za chuma, mithili ya zile za kusugulia masufuria. Hapo mwanafunzi wa sekondari atashangaa: ioni inayobeba dhahabu ni hasi, na kathodi nayo ni hasi. Ioni haivutwi na kathodi. Hufikishwa na mtiririko na msambao.

Atomu za kwanza hujishikiza penye mikwaruzo na kingo za chuma, zikawa viini. Umeme ukiwa wa wastani, viini vichache hukua taratibu na kutandaza tabaka lililoshikamana. Umeme ukizidi kasi ya ioni kuwasili, eneo lililo jirani na waya huishiwa dhahabu. Ncha zilizochomoza, kwa kuwa zimekaribia kimiminika chenye dhahabu, hupata zaidi na kurefuka kama matawi, na viini vipya huzuka kila mahali bila kushikana. Zao lake ni unga mweusi unaopukutika. Weusi huo usimdanganye mtu: ni chembe ndogo mno za dhahabu zisizoakisi mwanga kama bamba.

Kuongeza ampea hakuongezi dhahabu kwa kiwango hichohicho. Ampea 1 kwa saa 1 ingetoa takribani gramu 7.3 endapo elektroni zote zingeishia kwenye dhahabu. Kwa kweli nyingi hutumika kuzalisha haidrojeni, na mapovu yake huzidi kuupukutisha unga.

Ndiyo maana mwenye kaboni anayehesabiwa nyuzi peke yake, sanduku likafungwa bila sakafu kukwanguliwa mbele yake, huacha nyuma mali ambayo mteja anayefuata, au mwenye mtambo, ataikuta.