Je, Wajua? Kutuma Si Kufika

Zahanati inapeleka hesabu za wagonjwa wizarani. Duka linauliza kama malipo yameingia. Ghala linaiarifu ofisi kwamba magunia yamepungua. Yote hayo hutokea bila mtu kugusa kitufe: njia inayobeba rekodi huitwa bomba la data, na dirisha linalozipokea upande wa pili huitwa API. Kulifunga bomba lenyewe ni kazi ya mchana mmoja. Kulizuia lisivuje ni habari nyingine, na ndiyo ya safu hii.

Je, wajua kwamba jina "bomba" si la juzi? Mwaka 1964 Doug McIlroy wa Bell Labs aliandika kwamba programu zingefaa ziunganishwe kama mipira ya kumwagilia bustani: ukihitaji kipande kingine, unakikaza tu. Wazo lilingoja hadi 1973, Ken Thompson alipoliingiza kwenye mfumo wa Unix kwa usiku mmoja. Miaka tisa ya kusubiri, usiku mmoja wa kazi. Aliyewahi kufuatilia hati ya kiwanja ataelewa.

Je, wajua kwamba dirisha la API kupitia wavuti lilishika kasi mwaka 2000? Salesforce walifungua lao Februari, eBay Novemba, na mwaka huohuo Roy Fielding akawasilisha tasnifu ya udaktari iliyoupa ulimwengu REST, mtindo ambao madirisha mengi unayoyagonga leo hudai kuufuata. Neno "kudai" nimelichagua makusudi.

Je, wajua kwamba namba ya simu si namba? Huijumlishi na ya jirani wala huigawi kwa mbili. Ukiihifadhi kama namba, 0 ya mwanzo inapotea na upande wa pili unapokea tarakimu tisa zisizo na kwao. Kanuni ya kimataifa ya E.164 inataka namba ianze na msimbo wa nchi na isizidi tarakimu 15: 255 Tanzania, 254 Kenya, 256 Uganda, 250 Rwanda, 257 Burundi, 243 Congo ya Kinshasa. Ipeleke kama maandishi, ndani ya alama za kunukuu.

Hilo la simu ni dogo. Je, wajua linalotokea kwa namba ya NIDA? Kitambulisho cha taifa cha Tanzania kina tarakimu 20, nane za kwanza zikiwa tarehe ya kuzaliwa. JavaScript, lugha inayoendesha sehemu kubwa ya wavuti, huhesabu namba nzima bila kukosea hadi 9,007,199,254,740,991 tu, yaani tarakimu 16. Ukiituma NIDA kama namba, tarakimu tatu nne za mwisho hugeuka kimyakimya. Hakuna kengele inayolia. Rekodi inafika salama, ila ni ya mtu ambaye hayupo. Tena hata kisanduku kipana zaidi ambacho baadhi ya hifadhidata hutengea namba nzima, cha biti 64 kisichopokea namba hasi, kinajaa kwenye 18,446,744,073,709,551,615. Zitazame tarakimu nne za mwanzo. Kisanduku hicho kingemtosha aliyezaliwa mwaka 1844 kurudi nyuma, mwaka ambao mmisionari Krapf alitia mguu Mombasa. Sisi wengine wote tumechelewa. Twitter walikutana na jinamizi la aina hii mwaka 2010, wakaanza kutuma kila utambulisho mara mbili: kama namba, na kama maandishi.

Je, wajua kwamba "ng'ombe" ana uzito tofauti kutegemea nani amemwandika? Ukitumia ritifaa iliyonyooka ya kibodi, neno lina baiti 7. Simu au Word ikikupambia ile iliyopinda, linakuwa na baiti 9, maana kwa UTF-8, utaratibu wa kugeuza herufi kuwa baiti, alama hiyo moja hula baiti tatu. Bomba linalotangaza urefu wa ujumbe kwa kuhesabu herufi badala ya baiti litakata mkia, na upande wa pili utalalamika kwamba ujumbe haujafungwa. UTF-8 yenyewe ilichorwa na Ken Thompson (huyohuyo wa usiku mmoja) na Rob Pike kwenye karatasi ya mezani, mgahawani New Jersey, Septemba 1992.

Na ritifaa iliyonyooka nayo ina visa vyake. Kwenye JSON, mtindo wa kuandika rekodi zinazotumwa, haina neno, inapita. Lakini mwandishi wa programu akiunga amri ya hifadhidata kwa kubandika majina moja kwa moja, mtu aitwaye Ng'ang'a anafunga maandishi kabla ya wakati na kuangusha kundi zima alilosafiri nalo.

Je, wajua kwamba mwaka mpya hauingii siku moja kwenye kompyuta zote? Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa 3 mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia. Rwanda, Burundi na mashariki ya Congo ziko saa 2 mbele, Kinshasa saa 1, Oman saa 4. Malipo yaliyofanyika Dar es Salaam saa nane na nusu usiku wa kuamkia 1 Januari, kwa seva inayofuata UTC, ni ya saa 23:30 tarehe 31 Desemba. Mauzo ya saa tatu za kwanza za mwaka yanaangukia mwaka uliopita, na mhasibu anakesha akitafuta mwizi asiyekuwepo. Dawa ni kuandika wakati kwa mtindo wa ISO 8601, kanuni ya mwaka 1988, ukiutaja na mkia wake: 2026-01-01T02:30:00+03:00. Mkia huo ndio ushahidi. Bado kuna tego letu wenyewe, Waswahili: fomu ikiuliza saa na mtu akajaza 2:00 akimaanisha saa mbili asubuhi, mashine inaandika saa nane za usiku. Hiyo hakuna kanuni ya kimataifa itakayokuokoa nayo. Iandike fomu vizuri.

Je, wajua kwamba "nimesikia" si "nimelipa"? Safaricom, walioanzisha M-Pesa Machi 2007, waliliita dirisha lao la wasanidi programu Daraja, la mwaka 2017. Unapotuma ombi ili mteja aletewe kisanduku cha kuweka PIN, jibu la papo hapo lenye 0 lina maana moja tu: ombi limepokelewa. Matokeo yenyewe huja baadaye, yakibisha hodi kwenye anwani uliyoiacha wewe. Hapo ndipo 0 inapokuwa hela, na 1032 inapomaanisha mteja ameghairi. Ukiacha anwani isiyofikika kutoka nje, hodi hiyo haisikiki na mtu. Duka linalokabidhi mzigo kwa kuona 0 ya kwanza limetoa sadaka bila kunuia.

Tokeni ya Daraja, yaani kibali cha muda cha kuingilia, huishi sekunde 3,599. Bomba linaloamka vizuri saa mbili asubuhi na kugoma saa tatu kamili halina ugonjwa wa intaneti.

Je, wajua kwamba nywila iliyotumwa kwa njia iitwayo Basic haikufichwa? Imebadilishwa umbo tu kwa Base64. "siri" inakuwa c2lyaQ==, na yeyote anairudisha kwa nukta moja. Kinachoficha ni HTTPS inayoifunika njia nzima. Bila hiyo umeandika PIN yako juu ya bahasha.

Je, wajua kwamba imethibitishwa kuwa huwezi kuwa na uhakika kamili? Tatizo lilielezwa mwaka 1975, na baadaye Jim Gray akalivalisha hadithi ya majenerali wawili. Wako kwenye vilima viwili, adui yuko bondeni, na kila mjumbe anayepita anaweza kukamatwa. Wa kwanza anatuma: tushambulie alfajiri. Wa pili anajibu sawa, lakini atajuaje kwamba hiyo sawa yake imefika? Anahitaji jibu la jibu, na hilo nalo linahitaji jibu, hadi wajumbe waishe. Bomba lako liko palepale. Umetuma rekodi, mtandao ukakatika, jibu halikurudi. Je, rekodi ilipotea wakati wa kwenda, au jibu ndilo lililopotea wakati wa kurudi? Ukirudia, huenda umemtoza mteja mara mbili. Usiporudia, huenda hukumtoza kabisa.

Njia ya kutokea ni kufanya kurudia kusiwe na madhara. Ukimwambia mtoto "funga mlango" mara mbili, mlango ni uleule uliofungwa. Ukimwambia "leta gunia" mara mbili, yako mawili sebuleni. Mwanahisabati Benjamin Peirce aliitafutia tabia hiyo ya mlango jina mwaka 1870, kabla hata ya balbu ya Edison. Kwenye HTTP, kanuni ya mazungumzo ya wavuti, amri ya PUT inatakiwa iwe ya mlango, ilhali POST ni ya gunia. Ndiyo maana kampuni ya malipo ya Stripe hukuruhusu kuibandikia POST ufunguo wa kipekee: ikirudi na ufunguo uleule, unapewa jibu la mwanzo, wala kadi haiguswi tena. Ufunguo huo uutengeneze kabla ya kutuma mara ya kwanza na uutunze. Nimeona bomba linalotengeneza mpya kila linaporudia, na hilo ni sawa na kutokuwa nao.

Je, wajua kwamba tarakimu ya kwanza ya msimbo wa jibu hukuambia nani mwenye kosa? 4 ni wewe, 5 ni wao. Kosa lako usilirudie, lirekebishe. Kosa lao subiri. Ila 429, iliyoongezwa Aprili 2012, ni ya kati: hujakosea, umezidisha pupa. Logstash, programu ya kujengea mabomba ya data, ikiachwa ilivyotoka kiwandani, hurudia kwa 429, 500, 502, 503 na 504. Rekodi iliyojibiwa kwa kosa jingine huandikwa kwenye daftari la makosa na safari inaendelea bila yake. Na 418? Ni utani wa 1 Aprili 1998: dirisha linakataa kupika kahawa kwa sababu lenyewe ni birika la chai.

Je, wajua kwamba ustaarabu wa kusubiri ulijifunzwa visiwani? Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii kiliunganisha visiwa kwa redio. Vituo viwili vilipogongana hewani, kila kimoja kilingoja muda wa kubahatisha ndipo kikasema tena. Ethernet, kanuni ya mitandao ya nyaya, ikaongeza sharti: kila ukigongana tena, uwanja wa kusubiri unaongezeka mara mbili. Mabomba elfu moja yakisubiri sekunde kumi kamili na kurudi kwa pamoja, yanaliua dirisha lililokuwa linapata nafuu.

Je, wajua kwamba kuna dirisha linalokuruhusu kujaribu bila kuandika? DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011, una swichi iitwayo dryRun. Ukiiwasha, rekodi zinakaguliwa, unaambiwa ngapi zingeingia na ngapi zingepuuzwa, na hakuna kinachohifadhiwa. Ni suti ya fundi ikiwa bado na pini.

Jumapili ya 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika pamoja, na intaneti ya Afrika Mashariki ikalegea. Bomba lililoweka foleni yake kwenye diski liliweza kungoja. Lililoiweka kwenye kumbukumbu ya muda lilikuwa salama hadi mtu alipoizima mashine na kuiwasha.

Na sheria? Ya Kenya ya kulinda taarifa binafsi ni ya 2019, na ya Tanzania, iliyopitishwa 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023. Dirisha likiwa ng'ambo, unasafirisha taarifa za watu nje ya nchi, hata kama hujainuka kwenye kiti.

Je, wajua, mwisho, kwamba posta ya Marekani ilikuwa na ofisi ya barua zisizofika tangu 1825? Makarani waliruhusiwa kuzifungua ili kutafuta zilikotoka. Mabomba ya data yameirithi: rekodi zilizokataliwa huwekwa kwenye sanduku la kando, kila moja na sababu yake. Watu wengi hulifunga sanduku hilo siku ya kwanza na kulisahau. Lifungue Jumatatu asubuhi. Pengine utawakuta akina Ng'ang'a wote wamekaa humo, wanakusubiri.