Biskuti za chokoleti: Oka mwenyewe, pima sukari mwenyewe

Ukipita barabara ya Oginga Odinga mjini Kisumu jioni ya Jumamosi, hutakosa kumwona mtoto amesimama mbele ya kabati la kioo la duka la keki, akimvuta mamake nguo. Anachotaka ni ile biskuti kubwa, laini katikati na ngumu kidogo pembeni, iliyojaa vipande vya chokoleti. Mama hutazama bei, huguna, kisha hutoa pesa. Bei anaiona, lakini sukari iliyomo ndani haioni.

Biskuti nyingi za aina hii huwa na sukari ya gramu 30 hivi katika kila gramu 100. Kwa hivyo moja yenye uzito wa gramu 80 ina gramu 24, yaani vijiko vidogo sita. Mwaka wa 2015, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nguvu ambayo mwili hupata kwa siku, na ni bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima, asilimia hiyo 5 ni kama gramu 25. Mtoto mdogo anahitaji chini ya hapo. Biskuti moja, basi, inaweza kummalizia sehemu yake ya siku nzima kabla hajanywa chai wala soda.

Je, watoto wanyimwe kabisa? Si lazima. Anayeoka nyumbani ndiye anayeshika kijiko. Anaweza kupunguza sukari, kuchagua mafuta na kuamua ukubwa wa biskuti. La muhimu ni kuelewa kwanza kazi ya kila kitu kinachotiwa ndani.

Kwa nini ya dukani ni laini?

Sukari haileti utamu peke yake. Inapopata joto huyeyuka, na ndiyo inayofanya biskuti itandae na kuwa na kingo ngumu. Sukari ya rangi ya hudhurungi ina asali ya miwa, ambayo hushika unyevu na kuacha katikati pakiwa laini. Ndiyo maana huwezi kuondoa sukari yote ukatarajia kupata biskuti ile ile. Lakini ukipunguza kwa thuluthi moja au hata zaidi kidogo, bado itafaulu, mradi uibonyeze kwa kiganja kabla ya kuoka kwa kuwa haitatandaa sana yenyewe.

Sisi tulio karibu na mashamba ya miwa ya Muhoroni na Chemelil tuna bahati ya kupata sukari guru. Kiasi kidogo chake hutia rangi na ladha nzito inayofanana na ya dukani. Hata hivyo, msidanganyike kwamba haina madhara. Mwilini, sukari guru ni sukari tu.

Kuhusu chokoleti, si lazima ununue vile vipande vidogo vya kuokea ambavyo ni ghali. Ruth Wakefield, mama wa Massachusetts, Marekani, aliyezipatia biskuti hizi sifa katika miaka ya 1930, alikata chokoleti ya kawaida vipande vipande. Chagua chokoleti nyeusi ambayo lebo yake inataja siagi ya kakao. Aghalabu ina sukari kidogo kuliko ile ya maziwa.

Soma pia lebo ya majarini. Ukiona imetajwa kwamba mafuta yake yametiwa haidrojeni nusu nusu, irudishe rafuni. Mafuta ya aina hiyo huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo, na mwaka wa 2018 WHO iliyataka mataifa yote yayaondoe katika vyakula.

Joto la Kisumu

Wengi hulalamika kwamba biskuti zao huyeyuka na kushikana zikawa kama chapati moja. Kosa mara nyingi si la mpishi. Mchana, joto la mji wetu hufika nyuzi 30 hivi, na siagi huyeyuka kabisa kati ya nyuzi 32 na 35. Donge likiingia katika oveni likiwa tayari limelegea, mafuta hutiririka kabla unga haujashika. Dawa yake ni kulaza donge katika friji kwa saa moja au usiku kucha. Asiye na friji na aoke alfajiri, na aweke bakuli la donge juu ya beseni la maji baridi.

Mahitaji (biskuti 30 ndogo)

Unga wa ngano gramu 250 (vikombe viwili)
Sukari ya kawaida gramu 80
Sukari guru iliyopondwa gramu 40
Siagi au majarini gramu 125
Yai 1
Chokoleti nyeusi gramu 80
Bekingi pauda kijiko kidogo 1 kisichojaa
Vanila kijiko kidogo 1
Chumvi kidogo sana (acha ikiwa majarini ina chumvi)
Maziwa kijiko kikubwa 1, donge likiwa kavu

Ukipenda, badilisha nusu kikombe cha unga wa ngano kwa unga wa wimbi kutoka soko la Kibuye. Wimbi lina madini mengi ya kalisi, yanayojenga mifupa na meno.

Jinsi ya kuoka

1. Piga siagi pamoja na sukari zote mbili mpaka zichanganyike vizuri. Tia yai na vanila, upige tena.

2. Chekecha unga, bekingi pauda na chumvi, kisha uvitie humo. Changanya kwa mwiko mpaka unga mkavu usionekane, halafu uache. Ukikanda sana, biskuti zitakuwa ngumu.

3. Tia chokoleti iliyokatwa. Laza donge mahali baridi.

4. Finyanga vidonge vya gramu 20, kama ukubwa wa ndimu ndogo. Vipange mbali mbali kwenye trei na uvibonyeze kidogo.

5. Oka katika oveni ya nyuzi 180 kwa dakika 10 hadi 12. Zitoe kingo zikiwa zimegeuka rangi na katikati bado pakiwa laini. Ziache kwenye trei kwa dakika 5, kwa maana huendelea kuiva na kukauka.

Watoto wasilambe donge bichi. Yai bichi, na hata unga mbichi, huweza kuwa na viini vya kuharisha.

Wasio na oveni

Chukua sufuria kubwa nzito, weka mchanga mkavu chini, ifunike na uipashe moto kwenye jiko la makaa kwa dakika 20. Weka sahani ya bati yenye biskuti juu ya mchanga, funika, na utie makaa machache juu ya kifuniko. Oka moja kwanza ili ujue muda, kwani majiko hayafanani. Fanya kazi hii nje, au penye madirisha na mlango wazi. Moshi wa makaa una hewa ya sumu isiyo na harufu, na imeua watu waliofunga milango.

Mwenye kisukari nyumbani

Ukijumlisha sukari na ile iliyomo katika chokoleti, kila biskuti hapa ina gramu 5 hivi. Lakini unga nao hugeuka kuwa sukari mwilini. Kwa jumla, biskuti moja huleta wanga na sukari gramu 11 au 12. Kwa hivyo hata biskuti isiyotiwa sukari si ruhusa ya kula sahani nzima. Mgonjwa aulize kliniki yake namna ya kuihesabu pamoja na ugali na chai, wala asiruke dawa kwa sababu ya biskuti.

Watoto nao wapewe moja au mbili baada ya chakula, si kidogo kidogo mchana kutwa. Kila mara sukari inapoingia kinywani, viini hutengeneza asidi inayokula meno. Wakimaliza wanywe maji, na kabla ya kulala wapige mswaki.

Zinazobaki zifungie katika mkebe na uuweke juu ya kabati. Mkebe ukiachwa mezani, hesabu yote ya sukari uliyoifanya itakuwa kazi bure.