SISTA ALIYEWAANDIKIA BARUA AKINA MAMA WA GIKONDI

Wengi wetu huingia Kariakoo kila wiki kutafuta mboga, kanga au vifaa vya baiskeli bila ya kujiuliza jina hilo lilitoka wapi. Ni matamshi ya Waswahili ya jina la Kiingereza la Kikosi cha Wapagazi, waliopigishwa kambi mahali hapo baada ya jeshi la Waingereza kuuteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916. Nairobi nako wanayo Kariokor yao, na asili yake ni hiyo hiyo.

Wapagazi hao walikuwa wakulima waliotwaliwa vijijini mwao, wengi wao kwa nguvu, ili wabebe risasi na unga katika vita ambavyo havikuwa vyao. Hesabu za Waingereza wenyewe zilikiri vifo zaidi ya 40,000, na waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Kilichowamaliza ni kuhara damu, malaria, kichomi na njaa.

Ndani ya hospitali za wapagazi hao ndimo alimofanya kazi mtawa mmoja wa Kiitalia, Sista Irene Stefani wa Shirika la Wakonsolata. Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, jimbo la Brescia, akiwa mtoto wa tano katika nyumba ya watoto kumi na wawili. Alifika Mombasa mwanzoni mwa mwaka 1915. Haukupita muda mrefu akapelekwa kuuguza Voi, na baadaye Kilwa, Lindi na Dar es Salaam.

Yapo yanayosimuliwa juu ya kipindi hicho. Inaelezwa kwamba siku moja alimkosa kitandani mgonjwa wake, akaambiwa amekwisha kufa na maiti yake imepelekwa ufukweni pamoja na nyingine. Sista hakuridhika. Alikwenda mwenyewe, akapekua miili ile mmoja mmoja mpaka akamwona mtu wake, naye alikuwa bado anapumua.

Mtu anaweza kuuliza, na swali ni la haki: je, kumwuguza mpagazi ili jeshi la mkoloni limtwishe tena mzigo ni wema wa namna gani? Kwa maoni ya mwandishi huyu, lawama ni ya waliomtwisha. Aliyekuwa akiharisha damu juu ya mkeka hakuwa na nafasi ya kungoja vita viishe ndipo apewe maji.

Vita vilipokwisha, Sista Irene alirudi Kenya, na mwaka 1920 akapelekwa misheni ya Gikondi, katika vilima vya Nyeri. Huko alikaa miaka kumi. Asubuhi alifundisha watoto. Baadaye alipanda na kushuka vilima kwa miguu kuwatazama wagonjwa, wazazi na vikongwe katika nyumba zao.

Lakini kazi ambayo wafanyakazi wa mijini wangeielewa upesi zaidi ni ile ya barua. Miaka hiyo wanaume wa Gikondi walikuwa wakienda Nairobi na Mombasa kutafuta fedha za kodi, na aliyeondoka alikuwa kama jiwe lililotupwa kisimani. Mama yake hajui kuandika. Mkewe hajui kusoma. Sista Irene, aliyekwisha kujifunza Kikikuyu, alikuwa mwandishi wao. Wakisema, yeye huandika. Leo mtu hubonyeza simu na fedha zikafika kijijini kabla hajamaliza chai yake, kwa hiyo si rahisi kufahamu uzito wa karatasi moja iliyofika Mombasa ikiwa na maneno ya mama.

Watu wakampa jina Nyaatha, maana yake mwenye huruma.

Mwaka 1930 tauni iliingia Gikondi. Ugonjwa huo huletwa na viroboto wa panya, na ukishika mapafu humwambukiza hata anayemkaribia mgonjwa. Dawa zinazoutibu hazikuwa zimepatikana bado. Mwalimu mmoja wa shule aliugua, na Sista Irene akawa anamwendea na kumhudumia kwa mikono yake. Akaambukizwa. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na umri wa miaka 39.

Muujiza ambao Kanisa Katoliki liliukubali kwa ajili yake unahusu Nipepe, Msumbiji. Januari 1989, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu walionaswa kanisani humo walimwomba Nyaatha, na inaelezwa kuwa maji machache ya kisima cha ubatizo yaliwatosha wote kwa siku kadhaa. Hilo msomaji atalipokea kwa kadiri ya imani yake.

Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa Mwenye Heri mjini Nyeri, mbele ya umati mkubwa wa watu. Ibada iliongozwa, kwa niaba ya Baba Mtakatifu, na Kardinali Polycarp Pengo, ambaye wakati huo alikuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam.