Leseni ya Duka la Pombe Huangaliwaje Upya?

Msafiri atokaye Kasese kwenda Bwera, akiisha kugeuka pale Kikorongo kuelekea mpakani, ataona maduka mengi kando ya barabara. Ndani ya maduka hayo mna sabuni, chumvi, mafuta ya taa na madaftari, na juu kabisa, karibu na dari, zimepangwa chupa za bia na waragi. Ukutani, katikati ya kalenda na picha, pengine iko karatasi yenye muhuri. Wengi wetu tumeiona karatasi hiyo tusiisome. Mimi sikuisoma mpaka mwaka jana, siku ilipoletwa mkutanoni imekunjwa mara nne, na mwenye duka akaikunjua mbele ya watu akasema, "Nimelipa. Mwataka nini tena?"

Ndugu wasomaji, swali lile ndilo lililonifanya niandike. Mzee yule hakuwa mjinga wala mkaidi. Alidhani, kama wengi wadhanivyo, kwamba leseni ni kitu kinachonunuliwa, na mtu akiisha kulipa basi ni mali yake mpaka mwaka uishe. Sivyo. Leseni ni mfano wa kile cheti tunachopewa hapa shuleni kwa kutoka nje ya ua. Ukipewa cheti cha kwenda hospitali, nawe ukaonekana sokoni unatazama wacheza karata, kiranja atakunyang'anya ingawa tarehe yake haijapita. Ulipewa ruhusa kwa ajili ya jambo fulani, kwa masharti fulani. Ada anayolipa mwenye duka ni ya karatasi na kazi ya ofisi; haki ya kuuza yatokana na masharti.

Masharti yenyewe ni yapi? Kila nchi ina yake. Uganda ina Sheria ya Vileo ya mwaka 1960, nayo hairuhusu kumwuzia kileo mtu asiyetimiza miaka 18. Kenya walitunga sheria mpya mwaka 2010, nao waliandika kwa vipimo. Baa yafunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana Jumamosi, Jumapili na sikukuu, na yafungwa saa tano usiku. Tena leseni haitolewi kwa mahali palipo karibu na shule ya msingi au sekondari kwa umbali wa mita 300. Napenda vipimo vya namna hiyo. Mita 300 zaweza kupimwa kwa kamba, na saa tano usiku yajulikana kwa kila mwenye saa. Lakini sharti lisemalo tu kwamba duka "liendeshwe vizuri" litagombaniwa mpaka jua lizame.

Yafaa nikumbushe pia kwamba sheria za vileo hazikuanza kwa kumjali mtoto. Katika Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 wakubwa wa Ulaya walikubaliana kuzuia pombe kali isiuzwe kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara hili. Mtu aliangaliwa rangi yake, hakuulizwa mwenendo wake. Wazee wetu walipika enguli kwa siri vichakani, na mwaka 1965 ikatungwa sheria ya kwamba mpishi wa enguli awe na leseni, naye auze kwa kiwanda kinachoisafisha na kuitia katika chupa. Ndiyo asili ya ile Uganda Waragi. Basi wazee wengine wakisikia neno "leseni" hadi leo hukunja uso, na siwalaumu.

Sasa, masharti yakivunjwa hufanywaje? Nimesoma sheria ya Uingereza ya mwaka 2003, kwa sababu imeeleza jambo hili hatua kwa hatua. Huko, askari polisi, maofisa wa afya, au jirani yeyote aweza kuiandikia halmashauri kuomba leseni ya duka iangaliwe upya. Lazima ataje sababu, nayo iwe moja ya mambo manne: uhalifu na fujo, usalama wa watu, kero kwa majirani, au madhara kwa watoto. Kumchukia mwenye duka si sababu, wala kuuza bei nafuu kuliko shemeji yako si sababu. Mwenye leseni hupelekewa nakala ya mashtaka. Tangazo hubandikwa karibu na duka kwa siku 28 ili kila mtu apate kuleta neno lake, la kulaumu au la kutetea. Kisha baraza hukaa, pande zote mbili husikilizwa.

Baraza laweza kuacha mambo yalivyo. Laweza kuongeza au kubadili masharti, kumwondoa msimamizi wa mauzo, kusimamisha leseni kwa muda usiozidi miezi mitatu, au kuifuta kabisa. Asiyeridhika ana siku 21 za kukata rufani kwa hakimu. Angalieni kwamba hii si kesi ya jinai. Kosa la kuvunja sharti laweza kupelekwa mahakamani peke yake, mtu akatozwa faini. Mahakama yauliza, huyu alitenda kosa? Baraza la leseni lauliza jambo jingine: tukimwachia karatasi hii, kesho itakuwaje?

Turudi kwetu. Duka nitakalolieleza sitalitaja jina, wala kijiji chake. Liko katika wilaya yetu, na wenyeji watanisamehe. Jioni moja ya siku ya soko, mtoto wa darasa la pili la sekondari alikutwa mtaroni kando ya barabara, amevaa sare, paji la uso limepasuka, hajitambui. Mwendesha bodaboda alimpakia akampeleka hospitali. Alipona, namshukuru Mungu. Mama yake, ambaye huuza samaki wakavu, alifika dukani kesho yake na wanawake wengine, na baadhi ya vijana walishika viberiti. Mwenyekiti wa kijiji aliwazuia. Alisema, "Tukichoma duka, mashtaka yatakuwa juu yetu. Iko ofisi iliyotoa karatasi ile. Tuwaandikie." Wengine walimcheka, lakini barua ikaandikwa.

Karani wa leseni alikuja baada ya wiki kadhaa, akaketi chini ya mwembe. Watu walisimama mmoja mmoja, wengi kwa Lukonzo, na wafanyabiashara waliovuka kutoka Kasindi kwa Kiswahili chao cha Kongo. Wote walisema duka lile lauzia watoto. Karani alisikiliza, kalamu yake imelala juu ya daftari. Mwishowe akauliza, "Siku gani? Saa ngapi? Nani aliuza?" Watu wakajibu, "Kila siku!" Naye akasema, "Kila siku si tarehe."

Watu walikasirika sana, wakasema amehongwa. Mimi nami nilidhani hivyo. Lakini fikirini: mzee angejibuje shtaka la "kila siku"? Akiambiwa, "Ijumaa fulani, saa kumi jioni, kwenye dirisha la nyuma," aweza kusema, "Siku hiyo nilikuwa Kasese kununua bidhaa, na shahidi wangu huyu hapa." Asiyeambiwa tarehe hana la kujitetea, na baraza halina la kukata.

Wakati watu wakipiga kelele, mimi nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nikitazama viatu vyangu. Nilikuwa nimeona. Mara mbili nilimwona mtoto yule, pamoja na wenzangu wawili wa bweni letu, wakipokea chupa ndogo kwenye lile dirisha la nyuma. Siku zote mbili nilizijua, maana ya kwanza ilikuwa siku ya mtihani wa majaribio wa hesabu, na ya pili ilikuwa siku iliyofuata mechi yetu ya mpira. Sikusema. Kusema "nimeona" kungeleta swali, "Nawe ulifuata nini huko?" Nilikuwa nimetoka nje ya ua bila cheti, kununua mkate. Tena mzee yule alikuwa akitukopesha madaftari mwanzo wa muhula, kabla wazazi hawajauza kahawa. Karani akaahirisha kwa majuma mawili.

Mkutano wa pili, Mkuu wa shule alileta daftari la lango, ambamo mlinzi huandika jina la kila aliyechelewa, saa aliyorudi na hali yake. Mlinzi yule huandika vibaya, lakini huandika kila kitu. Mara tisa katika muhula mmoja alikuwa ameandika "ananuka pombe", na mara saba katika hizo zilikuwa siku za soko. Karani akaishika kalamu. Hata hivyo alisema jambo la haki: daftari laonyesha kwamba watoto walikunywa, halionyeshi walinunua wapi. Pombe ina njia nyingi katika nchi ya mpakani. Ilihitajika pete moja ya kuunganisha mnyororo.

Basi nikasimama. Nilitaja zile siku mbili, saa, dirisha, na aliyeuza. Karani akafungua daftari la lango, na siku zote mbili majina ya wenzangu yalikuwamo. Kwa kusema hayo nilifyeka majani Jumamosi mbili kwa kosa la kutoka bila ruhusa, ambayo ni haki yangu. Wenzangu wawili walirudishwa nyumbani majuma matatu, na mmoja wao hajaniamkia hata leo.

Mwenye duka alijibu kwamba siku za soko yeye huenda Mpondwe, na dirishani humwacha mtoto wa ndugu yake, kijana wa miaka kumi na mitano. Alisema kwa uchungu, nami nilimwamini. Karani akamwonyesha ile karatasi iliyokunjwa mara nne. "Jina lililoandikwa hapa, Mzee, ni la nani?" Mzee akanyamaza.

Duka halikufungwa. Leseni ya vileo ilisimamishwa mwezi mmoja. Sabuni na chumvi ziliendelea kuuzwa. Dirisha la nyuma lizibwe kwa matofali. Asiyetimiza miaka 18 asiuze wala asiuziwe, na mwenye sare asiuziwe hata akidai ametumwa na babake. Masharti hayo yakarudiwa yakichunguzwa na kuvunjwa tena, leseni ifutwe bila mkutano mrefu.

Mama wa mtoto aliondoka kabla ya mwisho, na kijiji kilinung'unika. Nami nilinung'unika, mpaka nilipoona yaliyotokea katika mwezi ule. Wanywaji hawakuacha kunywa. Walikwenda nyuma ya nyumba, kwa wauzaji wa jerikeni ambao hawana karatasi, hawana dirisha, na jina lao halimo katika daftari la ofisi yoyote. Muuzaji asiye na leseni hana kitu cha kunyang'anywa.

Na pombe isiyochunguzwa si jambo la mzaha. Mwaka 2010, huko Kabale, watu wapatao 80 walikufa kwa waragi iliyochanganywa na methanoli. Methanoli yafanana na kileo cha kawaida kwa macho na kwa harufu, lakini mwilini hugeuka asidi inayoharibu mishipa ya macho, na baadhi ya wanaopona hubaki vipofu. Mwezi wa Februari 2024, katika kaunti ya Kirinyaga nchini Kenya, watu wasiopungua 17 walikufa kwa pombe iliyouzwa katika baa. Ikaripotiwa kwamba pombe ile ilikuwa imekwisha kukamatwa na kuwekwa kituo cha polisi kama kielelezo, kisha ikatoka tena kwa wizi. Mwezi uliofuata serikali ya Kenya ikasimamisha leseni za watengenezaji wa pombe kali wakaguliwe upya. Wenyewe wakaenda mahakamani, maana nao wana haki ya kusikilizwa.

Serikali za Afrika Mashariki zimejaribu pia kukamata kitu badala ya muuzaji. Tanzania ilipiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017. Uganda ilifuata mwaka 2019, ikakataza pombe kali katika vifuko na chupa za chini ya mililita 200. Ilikuwa hatua njema kwa shule, kwa kuwa kifuko kilikaa ndani ya soksi bila kuonekana. Mwaka 2023 Bi. Sarah Opendi, mbunge wa Tororo, alileta muswada wa kupunguza saa za kuuza, siku za kazi uwe kuanzia saa kumi na moja jioni tu. Mwaka 2024 Bunge likaukataa. Kwa hiyo mzigo umebaki kwa sheria ya zamani na kwa vijiji.

Wanafunzi wa zamani wa shule hii wengi ni wenye maduka, na baadhi yao huketi katika mabaraza. Kwao nina ombi dogo: karatasi ile msiibandike juu karibu na dari, ibandikeni kwa kimo cha macho, tuisome. Kwa wenzangu wa shuleni, mkiona, andikeni siku na saa jioni ile ile, kabla ya kuuliza kama mtasema au hamtasema.

Mzee alilifungua tena rafu lake la chupa mwezi ulipokwisha. Dirisha limezibwa, na matofali yake hayajapakwa chokaa, yaonekana mekundu ukutani. Muhula huu nilikwenda kununua madaftari, safari hii na cheti. Alikitazama cheti kwanza, akanitazama mimi, kisha akaniuzia kwa fedha taslimu.