MSOMAJI ASITOZWE NAULI YA TANGAZO

Gazeti linalopigwa chapa Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilometa 900 kabla ya kufika mkononi mwa msomaji wa Songea. Hupita Morogoro, Iringa na Njombe likiwa limebeba mizigo miwili: habari za msomaji na matangazo ya wafanyabiashara. Msomaji hanung'uniki, wala hana sababu ya kunung'unika, kwa maana tangazo lile limejilipia nauli. Mwenye duka la saruji ametoa fedha zake, na fedha hizo zimesaidia kununua karatasi na wino, hata bei ya gazeti ikawa nafuu. Huo ni mkataba wa haki. Sisi tulio katika kazi hii twauheshimu, kwani tumekula chumvi yake.

Siku hizi habari ile ile hufika Songea kwa njia nyingine pia. Mwaka 2009 waya wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kwa njia ya bahari, na mwaka huo huo kazi ya kutandaza Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ikaanza. Tangu hapo simu ya mkononi imekuwa meza ya magazeti, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini katika kubadili njia, mkataba ule wa haki umepinduliwa kimya kimya, na wengi hawajatambua. Katika njia hii mpya, anayelipa nauli ya tangazo si mwenye duka. Ni msomaji mwenyewe, kwa bando lake.

Na tufanye hesabu. Makala ya maneno 1,000, kama hii uisomayo, herufi zake zote ni kama kilobaiti 7. Lakini mwaka 2024 ukurasa wa kawaida wa wavuti unaofunguliwa kwa simu ulizidi megabaiti 2, yaani karibu mara 300 ya uzito wa maneno hayo. Mzigo huo wote ni wa nini? Baadhi ni picha za habari na mitambo ya ukurasa wenyewe, nayo ina kazi yake. Lakini katika tovuti nyingi za habari sehemu kubwa ni matangazo, pamoja na vijiprogramu vya kumfuatia msomaji nyayo: amesoma nini, amekawia wapi, ametoka kwenda wapi. Mwaka 2015 gazeti la Marekani, The New York Times, lilipima tovuti 50 za habari na kuona kuwa zaidi ya nusu ya data yote ilitokana na matangazo na vitu vya namna hiyo.

Mkulima wa Namtumbo anayetaka kujua bei ya ufuta, au kijana wa Lizaboni anayetafuta nafasi ya kazi, hununua bando kwa shilingi alizozitolea jasho. Akifungua kurasa za namna hiyo, ni sawa na mtu aliyenunua debe la mahindi sokoni, akalipia uzito wote, kisha akakuta nusu yake ni pumba. Wazee wetu walijua dawa ya jambo hili. Mahindi yenye pumba hupepetwa, na ungo upo.

Ungo wenyewe ni programu ndogo inayoongezwa juu ya kivinjari, nayo huitwa kiendelezi. Mwaka 2002 Henrik Aasted Sørensen, raia wa Denmark, alitunga kiendelezi cha kwanza kilichoitwa Adblock. Mwaka 2005 ikaanzishwa orodha ya kanuni iitwayo EasyList, ambayo hadi leo hutunzwa na watu wa kujitolea. Kisha mwaka 2014 Raymond Hill akatoa kazi ambayo leo inajulikana kwa jina la uBlock Origin. Mtu huyu hatozi ada, wala hapokei michango ya fedha. Sisi tuliolelewa katika siasa ya ujamaa na kujitegemea hatuna haja ya kufafanuliwa thamani ya kazi kama hiyo.

Namna kinavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Kivinjari kikitaka kuleta kitu chochote cha ukurasa, kiendelezi hutazama kwanza katika orodha yake. Anwani ikiwa ni ya watangazaji au ya wapelelezi, ombi hukatwa kabla halijatoka. Kwa hiyo tangazo halifichwi tu machoni. Haliletwi kabisa, na bando halitumiki. Usalama nao huongezeka. Desemba 2022 idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, iliwaonya wananchi wake juu ya matapeli wanaonunua matangazo yenye sura ya makampuni halali, ikawashauri kutumia vizuizi vya matangazo wanapotafuta mambo katika intaneti.

Walakini si kila ajiitaye mlinzi ni mlinzi. Kiendelezi huweza kuona kurasa zote uzifunguazo. Kwa hiyo ukimkaribisha mwizi, umempa funguo za nyumba. Mwaka 2018 iligunduliwa kuwa vizuizi bandia vilikuwa vimeingia katika duka la viendelezi la Chrome, na watu zaidi ya milioni 20 walikuwa wamevipokea. Wako na walinzi wa namna nyingine: tangu mwaka 2011 Adblock Plus huyaachia matangazo inayoyaita ya kukubalika, na makampuni makubwa hulipa ada kwa ajili ya nafasi hiyo. Hatusemi kuwa ni hongo, maana jambo limefanywa waziwazi; twasema tu kwamba mlinzi anayelipwa na mgeni wa usiku hana budi kutazamwa kwa macho mawili.

Kubwa zaidi ni suala la mwenye mlango. Kivinjari cha Chrome ni mali ya Google, kampuni ambayo sehemu kubwa ya mapato yake hutokana na matangazo. Katika miaka ya 2024 na 2025 kampuni hiyo ilibadili kanuni za viendelezi vyake, na uBlock Origin kamili ikazimwa katika Chrome; ikabaki ndugu yake mdogo mwenye nguvu pungufu. Chrome ya simu za Android nayo haipokei viendelezi. Firefox huvipokea, katika kompyuta na katika simu za Android. Basi mwananchi asidhani kuwa kivinjari alichokikuta ndani ya simu ndicho pekee. Kuchagua ni haki yake.

Haki hiyo ya mtu kutiiwa na chombo chake ina upande wa pili, nao ni vidole. Katika vibanda vya steshenari na katika ofisi zetu, karani kipanya kikimharibikia husema kompyuta imekufa. Haijafa. Kitufe cha Tab humpeleka kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Cha nafasi humshusha ukurasa. Ctrl pamoja na F humtafutia neno alitakalo. Kiendelezi kiitwacho Vimium huongeza zaidi: ukibonyeza f, kila kiungo huvikwa herufi zake, nawe huandika herufi hizo kukifungua, j hukushusha, k hukupandisha. Vitufe hivi vina ukoo. Vilitumika katika programu ya uandishi iitwayo vi, aliyoitunga Bill Joy mwaka 1976 kwa mtambo ambao mishale yake ilichorwa juu ya herufi hizo hizo.

Asidhani mtu kuwa hayo ni madoido ya mafundi. Kwa asiyeona, kibodi ndiyo njia. Mwaka 2006 Michael Curran, kijana asiyeona wa Australia, alianza kutunga NVDA, programu ya bure inayosoma kwa sauti yaliyo katika kioo. Mwenzake James Teh, asiyeona pia, akaungana naye. Mtumiaji wake hubonyeza vitufe, naye husomewa. Ukurasa uliosongwa na matangazo yanayorukaruka ni usumbufu kwa mwenye macho. Kwa asiyeona ni ukuta.

Sasa tuikabili hoja iliyo dhidi yetu, maana haifai kuikimbia. Wataulizwa wenye magazeti: wasomaji wote wakipepeta, waandishi watakula nini? Hoja hii ni ya kweli. Mwandishi aliyetumwa Mbinga kufuatilia bei ya kahawa hula, hulala, na hulipa nauli. Anayesoma kazi yake bila kulipa kwa njia yoyote, huku akijisifu kwa ujanja wake, anakula shamba la mwenzake. Lakini jibu si kumbebesha maskini pumba. Jibu ni kuurudisha mkataba wa zamani: tangazo liwe jepesi, liwe picha moja isiyorukaruka na isiyompeleleza mtu, nalo lijilipie nauli. Bunge letu lilikwisha kutunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Mwenye tovuti hana udhuru wa kusema kuwa upelelezi ni desturi ya biashara.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, pepeta bila haya. Bando ni lako. Kisha gazeti unaloliamini lipe ruhusa kiendelezi chako kiliachie, kama matangazo yake yana adabu, au linunue. Na sisi wenye magazeti, tukiwemo wa gazeti hili, tuzipime kurasa zetu kwa simu ya bei ndogo, kwa bando dogo, tukiwa Songea na si Dar es Salaam. Tukiona aibu kwa tutakayoyakuta, tutakuwa tumeanza kazi.