Maneno ya wakaaji: nani anayapanga kwa mafungu?

Wakati wa Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 upande wa Mangina, wenye kujitolea wa Msalaba Mwekundu walipita nyumba kwa nyumba, wakieleza ugonjwa na kuandika yale wakaaji walisema. Karatasi zikawa mingi, na hakuna mkubwa anayeweza kusoma maelfu ya maneno kila juma. Kwa hiyo maneno yalipangwa kwa mafungu, kwa msaada wa CDC ya Marekani: huku maulizo, huku uvumi na yale watu wanaamini, huku mashauri na maombi, huku shukrani.

Inaonekana kazi rahisi, kama kuchambua maharagi. Sivyo. Tukamate neno moja lililosikika sana: «Ebola ni politike.» Ukilitia kwa fungu la uvumi, jibu litakuwa kueleza virusi. Lakini mwisho wa 2018 uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo mpaka Machi 2019, na Ebola ilikuwa moja ya sababu zilizotolewa. Pengine yule mtu alikuwa anauliza: kura yangu iko wapi? Na wale waliosema «kwa nini munakimbilia Ebola na si wanaotuua?», eneo la Beni linazika watu waliochinjwa tangu Oktoba 2014. Huo si uvumi hata kidogo.

Mahali pengine neno lilifika vizuri. Familia zilisema masanduku ya maiti yamejaa mawe, ao viungo vimeibwa. Ikaletwa mifuko yenye sehemu ya kuonesha ndani, familia ione mtu wao mbele ya kumuzika. Ugonjwa ulipotangazwa kuwa umekwisha, Juni 2020, watu 2287 walikuwa wamekufa.

Basi shirika linalofungua namba ya malalamiko ao sanduku la maoni lisilete mafungu tayari kutoka Kinshasa ao Genève. Likamate maneno hamsini ya kweli, bila majina, liketi na mama wa soko, waendesha pikipiki, wakubwa wa mitaa. Kila mutu apange peke yake. Pale wanapoachana ndipo pa kuzungumza, tena kwa Kinande ao Kiswahili, sababu kule kutafsiri kwa Kifaransa maana inapotea upesi. Na fungu la «mengine» lichungwe: likivimba, kuna fungu linalokosekana.

Kuna maneno yasiyofaa kuchanganywa na mengine. Septemba 2021, tume huru iliyoundwa na OMS ilitoa ripoti juu ya wanawake waliotumiwa vibaya kingono na wafanyakazi waliokuja kupambana na ile Ebola. Mashitaka ya namna hiyo yakiandikwa kwa fishi ya kawaida, yanaweza kupita mikononi mwa rafiki wa anayeshitakiwa. Yawe na njia yao, yasomwe na watu wawili tu, na wanawake wenyewe waseme ni nani wako tayari kumuambia.